Nakala Iliyo Karibu

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii nimekuwa nayo tangu utoto wangu Kasulu, lakini sikuielewa sawasawa mpaka nilipokuwa mtu mzima, nimeketi usiku mbele ya kompyuta mjini Kibondo, huku jenereta ikikaribia kuzimwa. Naomba msomaji aniwie radhi ikiwa insha hii itampeleka kwanza kwenye daftari la mzee mmoja wa kijijini, kisha Marekani kwa mafundi wa kompyuta, kisha imrudishe katika kambi ya wakimbizi. Njia ni ndefu kidogo, lakini jambo lenyewe ni moja. Mtu aliye mbali na kitabu kikuu hufanya kazi kwa nakala, na kila nakala ina siku yake ya kuacha kuwa kweli, bila ya kumwambia mwenye kuishika.

Mjomba wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja cha Kasulu. Utaratibu huo wa nyumba kumi kumi ulienezwa na TANU katikati ya miaka ya 1960. Baadaye, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma, watu wakatolewa kwenye mashamba yao yaliyotawanyika milimani na kukusanywa katika vijiji. Tangu hapo balozi ndiye aliyejua nani analala nyumba ipi. Mjomba alikuwa na daftari la shule, lile la kawaida, limekunjamana pembe zote. Ndani yake aliandika kila nyumba: baba, mama, watoto, wazee wanaolishwa na nyumba hiyo, na wale waliokwenda mbali.

Waliokwenda mbali hawakuwa wachache. Buha ilizoea kutoa watu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuajiri vibarua kilichoitwa SILABU. Vijana wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda Tanga na kwingineko kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alihesabiwa kwa namba. Huko shambani kila mmoja alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku iliyomalizwa ilitiwa alama. Mwajiri naye alikuwa na kitabu chake. Basi jasho la mtu mmoja liliandikwa mahali pawili. Wazee waliorudi kutoka mkonge walipenda kusimulia habari za vipande vyao, jinsi walivyovificha visilowe mvua wala kuibwa, kwa sababu walijua kwamba maandishi mawili yakigombana, mnyonge hana la kusema ila kile alichokishika mkononi.

Labda ndiyo sababu mjomba, ambaye baba yake alikuwa manamba, aliliheshimu mno daftari lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa bado imechoka kwa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika. Sukari, sabuni au khanga zilipofika katika duka la kijiji, ziligawiwa kwa orodha. Orodha kuu ilikaa katika ofisi ya kijiji, na kila balozi alikuwa na nakala ya nyumba zake. Mimi nilikuwa kijana mdogo mwenye mwandiko mzuri, kwa hiyo mjomba alinituma mara kwa mara kunakili majina.

Nililoliona la ajabu ni kwamba hakuandika tarehe juu ya ukurasa kama tulivyofundishwa shuleni. Aliandika tarehe kando ya kila jina. Bibi fulani, tarehe 4. Mtoto wa fulani, tarehe 19. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Mpwa wangu," akasema, "orodha isiyo na tarehe ni uvumi."

Nikaandika kama alivyotaka. Sikufikiri zaidi.

Sasa tuende mbali kidogo. Katika miaka ileile ya 1980, wakati sisi tukipanga foleni ya sukari, huko Marekani kulikuwa na watu waliokuwa wakisumbuliwa na jambo linalofanana na la mjomba. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuunganishwa kwa waya ndani ya jengo moja, na kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa ikiuza hata kompyuta zisizokuwa na diski yake zenyewe. Mafaili yalikaa katika kompyuta kuu, inayoitwa seva, na kila mtu aliyasoma kutoka mezani kwake kupitia waya. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni hiyo, Russel Sandberg na wenzake, walieleza hadharani mfumo wao wa mafaili ya mtandaoni uliokuja kujulikana duniani kwa herufi NFS.

Tatizo lilikuwa ni lilelile la fimbo ya mbali. Kama kila neno utakalolisoma lazima litoke kwenye seva, kazi itakwenda kwa kusuasua, na seva itaelemewa na maswali ya watu wote kwa pamoja. Kwa hiyo kompyuta ya mezani ilipewa ruhusa ya kuweka nakala karibu nayo. Akiba hiyo ya nakala mafundi huiita kache. Ukilihitaji faili tena, unalipata papo hapo kutoka kwenye kache, na seva inapumzika.

Lakini je, kama mtu mwingine amelibadilisha faili lile kwenye seva dakika hii? Hapo ndipo penye kazi. NFS ilijengwa ili seva isikumbuke kitu. Haikuandika popote nani amefungua faili gani. Ilijibu swali lililoulizwa, ikasahau. Huo haukuwa uvivu. Seva isiyokumbuka kitu ikizimika na kuwaka tena, haina la kupoteza. Wateja wake hurudia swali mpaka ijibu, na maisha yanaendelea. Sisi tuliofanya kazi kwa umeme wa jenereta tunaielewa hekima hiyo bila kufundishwa.

Ila hekima hiyo ina gharama yake. Seva isiyokumbuka nani ana nakala haiwezi kumwambia yeyote kwamba nakala yake imechakaa. Mwenye nakala ndiye anayepaswa kuuliza. Hivyo kompyuta ya mezani huuliza seva: faili hili lilibadilishwa mara ya mwisho lini? Ikiwa tarehe na saa ni zilezile inazozijua, huendelea kutumia nakala yake. Na ili isiulize kila mara, hukubali kuamini jibu la mwisho kwa muda. Kwa kawaida muda huo huanzia sekunde 3 kwa faili linalobadilika mara kwa mara, na hufika sekunde 60 kwa faili lililotulia. Ndani ya muda huo, watu wawili wanaweza kutazama faili moja, katika jengo moja, na kuona mambo mawili tofauti, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake ni mwongo. Baadaye ikawekwa kanuni ya kiungwana: ukifunga faili, mabadiliko yako yapelekwe kwenye seva, ukifungua, uulize kwanza. Atakayefungua baada ya wewe kufunga ataona ulichoandika. Anayesoma wakati wewe bado unaandika hana ahadi yoyote.

Katika mji wa Pittsburgh, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikishirikiana na kampuni ya IBM kilikuwa kimeshika njia nyingine. Mfumo wao uliitwa Andrew. Walitaka maelfu ya wanafunzi na walimu watumie mafaili kwa pamoja, na katika jaribio la kwanza kila kompyuta iliuliza seva kila ilipofungua faili. Walipopima, waliona kwamba seva zinatumia nguvu nyingi kujibu swali moja tu: je, nakala yangu bado ni nzuri? Na mara nyingi jibu lilikuwa: ndiyo, ni nzuri. Ni kama kijiji kizima kwenda ofisini kila asubuhi kuuliza kama kuna habari, na kila asubuhi katibu kujibu kwamba hakuna.

Wakaligeuza jambo. Seva itatoa nakala pamoja na ahadi: tumia, na likibadilika mimi ndiye nitakayekuita. Majirani wema hukubaliana hivyohivyo. Usije kila siku, sukari ikifika nitamtuma mtoto. Matokeo ya mabadiliko hayo yalichapishwa mwaka 1988, na seva zikaweza kuhudumia watu wengi zaidi kuliko mwanzo. Lakini ahadi nayo ina mitego yake. Yule aliyetumwa anaweza kukuta mto umefurika. Mwenye nakala akikaa kimya, bila kuitwa, hajui kama kimya hicho maana yake ni kwamba hakuna jipya au ni kwamba njia imekatika. Mwaka 1989 Cary Gray na David Cheriton wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza ahadi yenye mwisho, mfano wa pango la nyumba: nakuahidi mpaka saa fulani, ikipita hiyo hujasikia kutoka kwangu, usiiamini tena nakala yako, uje uulize. Mawazo hayo yote mawili, la kuitwa na la pango, yaliingia katika NFS ya nne, iliyotangazwa kwanza mwaka 2000. Seva iliyoanza maisha yake kwa kusahau kila kitu ikajifunza kukumbuka, lakini kwa muda maalumu.

Bado kulikuwa na swali gumu kuliko yote. Mtu akiondoka kabisa? Akaichukua kompyuta yake, akachomoa waya, akaenda mahali pasipo na mtandao, akafanya kazi siku nzima, kisha akarudi? Wapo watu wa Carnegie Mellon, James Kistler na Mahadev Satyanarayanan, waliolishughulikia hilo katika mfumo walioupa jina la Coda, ulioanza mwaka 1987. Kabla ya safari, kompyuta inajiwekea mafaili kama msafiri anavyofunga chakula cha njiani. Safarini inatumia alichofunga. Ikirudi, inalinganisha ilichoandika na kilichoandikwa kwenye seva wakati haikuwepo. Kama faili limebadilishwa upande mmoja tu, hakuna neno. Likibadilishwa pande zote mbili, ndipo ugomvi.

Walipochunguza matumizi ya watu wa chuo chao, waliona kwamba watu wawili tofauti kubadilisha kitu kimoja ndani ya siku moja ni jambo la nadra mno, halifiki hata 1 katika 100. Kwa hiyo waliona ni salama kuwaacha watu wafanye kazi wakiwa mbali, na ugomvi ukitokea utasuluhishwa. Walikuwa na haki. Mwanafunzi anaandika insha yake, mwalimu anaandika kitabu chake. Nani ana haja ya kugusa faili la mwenzake?

Ndugu msomaji, sasa turudi Kibondo, mahali ambapo watu wawili kugusa orodha moja kwa siku moja ndiyo kazi yenyewe.

Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na machafuko yaliyofuata yaliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka kuja kwetu. Mwaka 1996 wengine wakaja kutoka Kongo, wakavuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika Wilaya ya Kasulu. Palikuwa pia na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Nduta, Kanembwa, Mtendeli na Karago upande wa Kibondo. Wilaya zetu ambazo zamani zilijulikana kwa kupeleka watu kwenye mkonge zikawa wilaya za kupokea watu. Na kama ilivyokuwa kwa manamba, anayepokelewa huandikwa. Mkimbizi huishi kwa karatasi: kadi ya mgao, kadi ya zahanati, jina katika orodha hii, jina katika orodha ile. Asiyekuwemo katika orodha, hata akisimama mbele yako akiwa na njaa, hayupo.

Nilipata kazi katika shirika moja dogo, ambalo sitalitaja, lililokuwa likiwapa uji wa lishe watoto waliodhoofika. Hiyo ilikuwa mwaka 2001. Ofisi ilikuwa Kibondo mjini, na ndani yake seva moja na kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya. Tulikuwa pia na kompyuta mbili za kubebeka zenye programu ya Windows 2000, ambayo ilikuja na uwezo mpya: kuchukua mafaili ya mtandaoni na kuyatumia ukiwa nje ya mtandao. Ndani ya kompyuta mafaili hayo yalifichwa katika folda iliyoitwa CSC, herufi za jina ambalo Microsoft yenyewe iliupa uwezo huo, na maana yake ni akiba iliyowekwa upande wa mteja. Sisi tuliona ni muujiza. Asubuhi nesi anaondoka na orodha, anapima watoto kambini, anaandika, na jioni anarudi kuunganisha waya, nayo kompyuta inasawazisha yenyewe.

Jumatatu moja nesi wetu alikwenda kambini akawaandikisha watoto 11 wapya, ambao mikono yao ilikuwa myembamba kuliko kipimo kinachokubalika. Mchana huo huo, ofisini, karani alifungua orodha ileile kwenye seva akasahihisha tahajia ya jina la mtaa mmoja. Herufi moja tu, "r" ikawa "l". Akahifadhi, akafunga, akaenda kunywa chai.

Nesi alirudi jioni, matope mpaka magotini kwa sababu gari lilikwama. Kazi ya kusawazisha ilikuwa yangu. Nikaunganisha waya, na kompyuta ikaniuliza swali ambalo sikuwa nimeliona kabla ya siku ile. Ilisema faili hili limebadilishwa pande zote mbili. Unataka kubakiza lililo katika kompyuta hii, au lililo mtandaoni, au yote mawili?

Ilikuwa imebaki dakika 10 jenereta izimwe. Nilitazama tarehe. Faili la mtandaoni lilikuwa limehifadhiwa saa 9 alasiri. La nesi lilihifadhiwa saa 7 mchana, alipomaliza kupima. Nikajiambia mambo mawili ambayo kila mtu mwenye akili timamu angejiambia. La kwanza, lililo mtandaoni ndilo la asili, na asili hushinda nakala. La pili, lililo jipya zaidi ndilo sahihi zaidi. Nikabonyeza. Taa zikazimika. Nikaenda kulala.

Watoto 11 wakafutika.

Siku ya uji bibi mmoja alikuja na mjukuu wake mgongoni, na kikombe cha bati mkononi. Wazazi wa mtoto hawakuwepo; sikuuliza walikuwa wapi, na pale kambini ulijifunza upesi kutouliza. Mgawaji alitafuta jina, hakuliona. Akamwambia bibi aende kwa nesi akaandikishwe. Lakini nesi wiki hiyo alikuwa amepelekwa kambi nyingine. Bibi akarudi nyumbani. Akaja tena siku nyingine ya uji, akaambiwa yaleyale. Mara ya tatu mimi nilikuwepo, nimeleta karatasi mpya zilizotoka kwenye mashine. Nikalitafuta jina mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Bibi, hayumo," nikamwambia. "Hii ndiyo orodha yenyewe, imetoka leo asubuhi."

Hakunikasirikia, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Aliichungulia ile karatasi kwa heshima, kana kwamba inajua jambo ambalo yeye hakulijua.

"Mwanangu," akasema, "basi yule dada aliyeandika, aliandika nani?"

Sikuwa na jibu. Alimfunga mtoto vizuri, akashika njia, kikombe kikiwa kitupu kama kilivyokuja.

Nesi aliporudi nilimweleza. Hakusema neno. Alifungua mkoba wake, akatoa kijitabu kidogo cha karatasi alichokuwa akiandikia uzito kabla ya kuingiza katika kompyuta, maana hakuiamini sana betri. Majina yote 11 yalikuwemo, kwa kalamu ya bluu. Kando ya kila jina kulikuwa na uzito, kipimo cha mkono, na tarehe. Tulikwenda kambini jioni ile ile. Tuliwapata watoto wote. Wengine walikuwa walivyokuwa. Mjukuu wa yule bibi alikuwa amepungua zaidi, akapelekwa kulazwa. Alipona. Nashukuru kwamba naweza kuliandika neno hilo, lakini halikutokana na busara yangu.

Usiku ule nililala nikimfikiria mjomba, na daftari lake lenye tarehe kando ya kila jina. Nadhani ndipo nilipomwelewa. Tarehe iliyo juu ya karatasi inaeleza siku ambayo mtu alishika kalamu. Tarehe iliyo kando ya jina inaeleza siku ambayo mtu alimwona mtu. Kompyuta yangu ilijua ile ya kwanza tu. Iliona kwamba faili la saa 9 ni jipya kuliko la saa 7, na ilisema kweli. Ila upya wa faili la saa 9 ulikuwa ni herufi moja, na upya wa faili la saa 7 ulikuwa ni watoto 11. Mfumo ulilinganisha mafaili mawili mazima mazima, kama mtu anayelinganisha madaftari kwa jalada, bila kufungua ndani.

Na kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mafundi wa Marekani, na mimi nyuma yao, tulidhani ukweli hukaa katikati, kwenye seva, na nakala iliyo mbali ndiyo inayochakaa. Katika ofisi ya jengo moja ni kweli. Lakini katika nchi kama yetu habari huzaliwa pembeni. Mtoto huzaliwa kijijini, siyo makao makuu ya wilaya. Njaa huanza katika kibanda, siyo kwenye seva. Kitabu kikuu ndicho kinachosikia mwisho. Kwa hiyo neno "asili" linadanganya: lile tuliloliita asili lilikuwa nakala ya mambo ya kambini, iliyocheleweshwa, na ile tuliyoiita nakala ilikuwa karibu na asili kwa kadiri karatasi inavyoweza kuwa karibu na mtu.

Hatukuacha kutumia nakala. Hilo lisingewezekana, maana pasipo nakala nesi angekaa ofisini akisubiri mtandao ambao haukuwepo. Lakini tulibadilisha utaratibu. Kila timu ilipewa faili lake, lisiloguswa na mwingine, na ofisi ikakatazwa kusahihisha hata nukta katika majina yaliyotoka kambini bila kumwuliza aliyeyaandika. Kila mstari ukapata nafasi ya tarehe na herufi za jina la mwandishi. Mashine ikiuliza kama tubakize hili au lile, jibu letu lilikuwa moja siku zote: yote mawili, na kesho tutayasoma mchana. Tena tuliandika ubaoni kwamba mtu akija na jina lake halimo, asirudishwe mpaka kijitabu cha karatasi kimetazamwa. Halikuwa jambo la kisayansi. Mjomba angeliona la kawaida kabisa.

Miaka imepita. Amani iliporudi Burundi wengi walirejea kwao, kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Kisha mwaka 2015 machafuko mengine yakatokea, na Nduta ikafunguliwa tena mwezi Oktoba mwaka huo. Watu wengine, vibanda vipya, orodha mpya. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu. Niliyaona malori yakipita, nikawaza kuhusu vijana waliokaa mbele ya kompyuta bora kuliko zetu, na kuhusu swali ambalo zingewauliza siku moja saa ya kuzima taa.

Siwalaumu waliotengeneza mifumo ile. Nimejifunza kuwaheshimu. Walijua kwamba kila nakala ni mkopo wa ukweli, wakabishana kwa uaminifu kuhusu nani alipe gharama yake: anayeshika nakala aende kuuliza, au mwenye kitabu aahidi kuita, au wote wawili waweke siku ya mwisho. Lakini katika hesabu zao zote, gharama ilikuwa ni sekunde na waya. Kambini niliona mlipaji ambaye hakuwemo katika hesabu. Nakala ilipochakaa mikononi mwangu, mimi sikupoteza kitu. Nilipata mshahara wangu mwisho wa mwezi. Aliyelipa ni yule ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa, akatembea mara tatu kwenda na kurudi.

Daftari la mjomba nilirithi mimi. Karibu wote waliomo wamekwisha kufariki, na wino umegeuka rangi ya udongo. Kama orodha halina kazi tena. Ila huwa nalifungua mara moja moja, nikapitisha kidole kando ya majina, nikasoma tarehe. Tarehe 4. Tarehe 19. Kila moja ni siku ambayo mzee mmoja alisimama mlangoni pa nyumba, akapiga makofi kwa heshima kama ilivyo salamu yetu, akaangalia ndani kuhakikisha kwamba mtu aliyemwandika bado yupo.